Mstari wa Shekue

Mamlaka ya mji ilitangaza kwamba kuanzia Ijumaa, kila mashine ya wingu, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha nyumba, itabomolewa na kujengwa upya kama faili lake linavyosema. Kisichoandikwa humo hakirudi. Marehemu mume wangu, Shekue, aliifundisha ya kwetu kuniamsha kwa sauti yake, lakini hakuandika kitu kwenye faili.

Siwema, fundi wa mtaa, alivua viatu mlangoni, akanisogezea kiti kabla yeye hajakaa.

"Bibi, sauti ya marehemu hairuhusiwi kwenye faili. Wakiiona watakukatia maji na taa."

"Wakate. Mimi nimekulia kwenye kibatari."

"Mimi siwezi kuiandika."

"Nani kakutuma uandike? Nionyeshe mahali tu."

Akanigeuzia skrini, akanionyesha, kisha akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Niliandika mstari wa kuirudisha sauti ya Shekue kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, naye hakunihimiza.

Ijumaa sauti iliniita kutoka kwenye spika ya betri: "Mama Tunu, bado umelala tu?"

Taa hazikuwaka. Bomba lilikuwa kavu.

"Nimeamka, baba Tunu."

"Kuna watu wa mamlaka mlangoni," ikasema, kwa upole ule ule.

Nikajifunga kanga vizuri, nikaketi kitandani.

"Waache wagonge. Wewe endelea kuongea."