Kadi Iliyofutika

Karani wa benki aliigeuza mara mbili kadi yangu ya mpigakura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Jasho la mfukoni lilikuwa limekula wino wote. Picha yangu ilibaki kivuli tu.

"Papa, hapa hakuna kitu."

"Namba naijua kwa kichwa," nikasema, nikaitaja yote bila kukosea. Nilijifunza kusoma katika shule ya usiku nikiwa na miaka hamsini, namba hainishindi.

Mke wangu alikuwa amelazwa, akingoja pesa ya upasuaji tuliyoiweka katika benki ile.

Karani akaandika, akatazama mashine yake.

"Twagirimana alikuja Jumatatu. Kadi yake ilikuwa safi, na namba ni hiyo hiyo. Tulimupa kadi mupya ya benki. Alitoa pesa yote."

Nikamkumbuka mtu wa fotokopi kule mtaani Mapendo. Kama majirani wote, nilimwachia nakala ya kadi hii wakati ingali mpya, anitunzie hadi siku wino utakapoisha.

"Twagirimana ni mimi," nikasema.

Karani alimwita mlinzi kwa mkono, kisha akaniuliza kwa upole:

"Muzee, hii kadi uliiokota wapi?"