Chujio la Bwana Shamba

Yuliana alimimina ndoo ya tatu ya maji ya tope juu ya wavu wa dirishani, akainama kutazama. Tope lilipita lote, bila hodi.

"Hili si chujio," alimwambia karani Dominiko. "Hili ni lango."

Dominiko akayageuza maneno hayo kuwa Kiingereza. Bwana Shamba, aliyesimama barazani na kiko chake mdomoni, alianza kucheka kabla karani hajamaliza. Kisha akakumbuka cheo chake, akakohoa.

Alifika Mgeta mwaka wa hamsini na tatu, akitokea Ulaya, na suti tatu na malalamiko ya baridi. Baridi ya milimani ipo, hakuna anayebisha. Watu hujifunika blanketi, wakasogea jikoni, mambo yakaisha. Lakini Bwana alisema moshi ni wa watu wasiosoma. Akanunua mabomba ya chuma ya nyumba ya mlowezi iliyobomolewa Morogoro, akayazungusha ukutani vyumba vyote, na nyuma ya nyumba akaweka pipa la maji lenye moto chini yake. Maji ya moto yazunguke, vyumba vipate joto, na moshi ubaki nje pamoja na wasiosoma.

Akili nyingi sana. Ila maji yalitoka mferejini, na mfereji ulipita chini ya shamba la njegere la Yuliana. Kila mvua iliponyesha, tope liliteremka likaingia kwenye mabomba, likakaa humo likistarehe kuliko mwenye nyumba.

Ndipo ikaja karatasi. Serikali ilikuwa imeamuru kila shamba la mlimani lichimbwe matuta ya ngazi. Yuliana, mwenye miaka hamsini na mitano na kiuno kimoja tu, hakuwa amechimba hata tuta moja. Asipochimba hadi mwisho wa mwezi, shamba lingefungwa na kupandwa miti. Hakuwa na shamba jingine.

Alipokwenda kulalamika, Bwana alimjibu kupitia kwa Dominiko: atafute kitu cha kuzuia tope lisiingie kwenye mabomba kabla ya Jumamosi, siku ambayo Bwana Mkubwa wa Morogoro angekuja kulala hapo. Akifaulu, jina lake litafutwa kwenye karatasi hiyo.

Basi akawa anachagua. Wavu ulikuwa umekwisha kujieleza. Akajaribu blanketi la Bwana mwenyewe, la sufu, kutoka Ulaya. Lilizuia tope vizuri sana. Lilizuia na maji.

"Lirudishe kitandani," alisema. "Huko ndiko linakojua kazi."

Mwisho alitoa kwake kichujio cha pombe, kile kirefu cha ukindu. Akachukua pipa dogo, akapanga kokoto chini, juu yake mchanga, juu yake mkaa uliopondwa, na mdomoni akafunga kichujio. Pembeni, karibu na kitako, akatoboa tundu la kupeleka maji kwenye mabomba. Akamimina tope. Akasubiri. Yakatoka maji ambayo ungeweza kumpa mtoto.

Bwana alisogea, akatazama, akasema maneno.

"Bwana anauliza kama hicho cha ukindu ni kifaa cha kitaalamu," alisema Dominiko.

"Mwambie baba yake hakukidharau."

Hilo Dominiko hakulitafsiri.

Jumamosi mabomba yalichemka. Bwana Mkubwa alilala na shati moja, na asubuhi akasifu ufundi wa Bwana Shamba. Bwana Shamba aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kumbe naye alikuwa fundi, hakuna aliyewahi kujua.

Jumatatu Yuliana akaingia ofisini.

"Shikamoo, mama," alisema Dominiko.

"Marahaba. Jina limefutwa?"

Bwana, bila kuamkia mtu, alisema Kiingereza kirefu huku akiangalia dirishani.

"Bwana anashukuru sana," alisema Dominiko. "Lakini amefikiri tena. Akifuta jina lako wewe, watu watasema."

"Watasema nini?"

Dominiko alitazama viatu vyake. "Watasema tu, mama."

Yuliana akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Haya. Sheria ni sheria. Kwetu shamba ni la ukoo, na ukoo ni wa mama. Jana niliwaita ndugu zangu, na mbele yao nimelikabidhi kwa mrithi. Mimi sina shamba tena, na atakayenifuata na karatasi atakuwa amekosea nyumba. Iandike upya kwa jina la mwenyewe. Achimbe matuta yote hadi mwisho wa mwezi. Akishindwa, ashtakiwe."

Karani akatafsiri. Bwana akauliza jambo.

"Anauliza kama huyo mrithi ana nguvu za kuchimba."

"Nguvu anazo tele. Hajawahi kuzitumia."

Bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Vijana wavivu ndio hasa waliohitaji matuta. Akaamuru karatasi iandikwe papo hapo.

Yuliana aliinama mezani, akamnong'oneza Dominiko jina. Kalamu ya karani ikasita.

"Mama..."

"Andika. Usikosee herufi."

Dominiko akaandika, akaipeleka karatasi mbele ya Bwana kwa mikono miwili, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Bwana Shamba alifungua kalamu yake, akasoma, akafika kwenye jina. Kalamu ikabaki hewani. Na kwa mara ya kwanza tangu afike kutoka Ulaya, alisema bila mkalimani.

"Mama," alisema, kwa Kiluguru cha hapohapo Mgeta, "kwa nini umeniandika mimi, hukumwandika dada?"