Udongo wa Kwanza

Mzee Uwesu alikuwa amelala chali ndani ya kaburi la profesa, mikono kifuani, na hataki kutoka.

Juu yake watu walikuwa wanavunjika mbavu. Mtani huyo. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, mababu walipokuwa wakienda pwani na pembe begani, wakiuguzana na kuzikana njiani. Mpaka leo, msibani, mtani hufanya jambo ambalo mwingine angelifanya angepigwa.

"Kaburi fupi hili," alisema kutoka chini. "Miguu ya huyu bwana mliipima? Au mtamkunja kama mkeka?"

"Toka humo, Mzaramo, tutakuzika wewe," alimjibu Getruda, jirani wa marehemu hapo Itetemia. "Na Mzaramo gani mwenye lafudhi ya Igunga?"

"Nimewavumilia miaka mingi, mama. Mmeniambukiza."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Wala hakuusikia ubaridi wa udongo mgongoni. Tangu alipoisikia taarifa redioni, kwenye banda la chai pale Nzega, mwili wake ulikuwa umeshikwa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Alidandia lori la pumba hadi Tabora mjini, kisha akatembea. Njaa haikumuuma. Alikuwa na jambo moja tu lililomleta.

Nestory, afisa wa chuo aliyepewa kazi ya kuongoza mazishi, alichuchumaa ukingoni na kipaza sauti chake. Nyuma yake, chini ya maturubai, walikaa wakubwa: wa mkoa, wa wizara ambayo marehemu aliwahi kuwa katibu mkuu wake, na maprofesa wa chuo kikuu alichokiongoza mpaka umauti ulipomkuta.

"Mzee wangu, tumefurahi. Sasa chukua jogoo wako, utupishe."

"Jogoo sitaki."

"Unataka nini?"

"Udongo wa kwanza. Niutupe mimi."

Kicheko kikapungua. Mtani huomba jogoo, huomba shati, hata sufuria hubeba. Udongo haombi.

"Huo ni wa mzazi," Nestory alisema, kwa upole wa mtu aliyechoka. "Na marehemu wazazi hana. Tumempa mgeni rasmi. Ndivyo kamati ilivyopanga."

"Basi mgeni rasmi ashuke anitoe."

Nestory aliona bora aendelee na shughuli, huenda mzee atachoka mwenyewe. Akaanza kusoma wasifu.

"Profesa Emilian alizaliwa kijijini Ziba, wilayani Igunga..."

"Alitanguliza miguu," sauti ilitoka kaburini. "Mkaidi tangu tumboni."

"...baba yake alikwenda pwani, ikasemekana amefariki huko, yeye akiwa bado mchanga..."

Kaburini mtu alikohoa.

"Alikiona kile kichwa, akafa. Ungekuwa wewe ungepona?"

Hata mgeni rasmi alitoa kitambaa akajifuta macho kwa kucheka.

Nestory akasoma haraka haraka. Mama aliyeuza vitumbua ili mtoto asome. Wizarani, ambako marehemu alikuwa akiingia ofisini kabla ya wafagizi. Chuoni, ambako hakumpa ndugu yake hata mmoja kazi.

"Mchoyo," sauti ilisema.

"...na alipojenga bweni la wasichana, alikataa katakata kuliita kwa jina lake."

Watu walingoja. Sauti haikuja.

"Mzaramo kalala," mmoja akasema.

Hakuwa amelala. Alikuwa anatazama kipande cha mbingu, na vidole vyake vilikuwa vinapapasa kifungo cha koti. Lilikuwa koti la kijivu, limempwaya mabegani. Marehemu mwenyewe alimpa, kwenye mnada wa Ziba. Alisimamisha gari, akashuka, akalivua, akamvisha, akarudi ndani. Hawakusemezana. Mkewe alikuwa anawatazama kupitia dirisha la gari. Wachuuzi walicheka wakasema mtani kapora tena.

Vijana wawili wa ulinzi walivua viatu ili washuke. Uwesu aliwaona, akachomeka vidole kwenye udongo wa kuta zote mbili.

"Msinivute," alisema. "Nitatoka mwenyewe nikishaupata."

Hakusema kwa sauti ya kuchekesha. Vijana walisita, wakamtazama Nestory. Nestory akalitazama jeneza, akawatazama wakubwa wake.

"Sasa huyu anatuharibia," alinong'ona. "Mtoeni."

"Ngoja kwanza, baba," Getruda aliingilia. "Mtani hatolewi kwa mabavu, utatuletea nuksi. Mwite mjane. Amtukane, ashindwe, atoke."

Ndivyo ilivyo. Mke wa marehemu ndiye mwenye neno la mwisho kwa mtani. Humrudishia tusi kwa tusi mpaka mmoja wao akose la kusema. Lakini mjane huyu, Recheli, alikuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho makavu, na katika vituko vyote vya yule mzee hakucheka hata mara moja. Alimtazama tu.

Alipoinuka, wanawake walimshika mikono. Akajinasua. Watu wakampisha njia, wengine wakitabasamu mapema, maana Recheli anajulikana kwa ulimi.

Uwesu aliinuka akakaa kitako ndani ya kaburi, udongo nyweleni, akajiandaa kutukanwa.

Mjane alivua kandambili zake ukingoni. Akavuta kitenge kikamfunika uso, akageuka ubavu ili macho yao yasikutane, akapiga magoti juu ya kifusi.

"Shikamoo, baba mkwe," alisema.