Mstari Mwekundu

Kadi kumi na moja za Idi zilikuwa tayari. Ya kumi na mbili, Bi Shamsa akaandika kwenye kompyuta ya sebuleni: “Idi njema, dada yangu Mwanasiti.” Mara mstari mwekundu ukajichora chini ya jina.

“Mama, kompyuta inasema umekosea,” alisema bintiye, Raya.

“Jina sijalikosea. Nilikosea miaka tisa niliyokaa bila kuliandika.”

“Na Mama Mkubwa akiichana?”

“Ataichana akishaisoma. Chapisha!”

Mashine ikakoroma, ikaitema kadi. Bi Shamsa akaipeleka dirishani penye mwanga, akapitisha kidole taratibu chini ya jina la dada yake. Ule mstari haukuwepo. Palikuwa peupe pe.