Pazia Kwenye Banda la Farasi

Shaweji alichagua kwa makini mahali pa kumjengea banda farasi aliyekusudia kumnunua, bila kumwambia mtu nyumbani. Alichagua nyuma ya nyumba, kwenye mwinuko, ili kwato zisisimame majini masika yakianza. Mlango aliufanya mpana, na dirisha akalielekeza upepo unakotoka. Muda wote wa ujenzi, dada yake Mwanakheri, aliyekuwa akilala jikoni tangu afiwe na mumewe, alimchotea fundi maji bila kuombwa.

Banda lilipokamilika, Shaweji alimleta farasi kwa kamba. Akamkuta dada yake mlangoni, juu ya kigoda, akitundika pazia la maua. Ndani alikwishatandika mkeka.

"Umenijengea mahali pakavu, kaka," Mwanakheri alisema. "Mungu akuzidishie. Mlango tu ndio mpana, nikaona niusitiri."

Shaweji aliisogeza kamba nyuma ya mgongo. Uso ulimwaka. Katika kupima na kuchagua kote kule, dada yake hakuwahi kumjia akilini hata mara moja.

Mwanakheri akaiona kamba, kisha farasi. Akaelewa.

"Nisamehe, kaka. Nilidhani..." Akaanza kulitungua pazia taratibu, macho chini.

"Liache," Shaweji alisema, akalishika upindo.

Lakini dada yake hakuliachia. Wakabaki hivyo, kila mmoja na upande wake, matone ya kwanza ya mvua yakigonga mabati mapya, na farasi nyuma yao akiivuta kamba, akitaka kuingia.