Bingwa wa Nkuhungu

Kidole gumba cha Sabiha kilitoka lengelenge, likapasuka, likaota jingine palepale, na yote hayo kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi hata kumwona sura.

Mwanamke huyo aliitwa Anifa. Alikaa mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, katika nyumba ambayo Sabiha ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia matofali yake. Hassani, mume wa Sabiha kwa miaka kumi na mmoja, alimpa talaka Jumatatu, na Ijumaa akamwingiza Anifa katika nyumba hiyohiyo, pilau ikaliwa. Sabiha akarudi Majengo kwao, akaanza kuuza karanga na uwele.

Mkabala na meza yake palikuwa na duka la Stanley, mtu wa Mvumi, mpole, mwimba kwaya. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, vitu vya Dubai vimejaa kila kona, na Stanley alikuwa ameleta gemu za mkononi, zile ambazo matofali yanadondoka na wewe unayapanga. Mwezi wa kwanza watu walizigombania. Mwezi wa tatu zilikuwa zinakula vumbi kabatini, maana mtu akishachoka kupanga matofali, amechoka.

Siku moja Sabiha alikwenda kununua sabuni. Stanley akamwuliza hali, naye moyo ukamfurika, akayamwaga yote.

"Pole sana, dada yangu," Stanley alisema. "Na huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Anifa. Jina hilo nitazikwa nalo."

Wiki iliyofuata ubao mweusi ulitundikwa mlangoni mwa duka. BINGWA WA MATOFALI: ANIFA WA NKUHUNGU, POINTI 20,000.

Sabiha alisimama mbele ya ubao ule na debe lake kichwani mpaka shingo ikamuuma. Mume amechukua, nyumba amechukua, sasa anataka na sifa mbele ya Majengo nzima?

"Anacheza huyu?" aliuliza.

"Kila siku, kwenye duka la mke wangu kule Nkuhungu." Stanley alikuwa anafuta kabati lililokwisha kufutwa. "Anasema huku Majengo hakuna wa kumfikia."

Dawa ya moto ni moto. Sabiha aliondoka na gemu yake siku hiyohiyo.

Alicheza huku anapima karanga, wateja wengine wakipunjwa, wengine wakizidishiwa. Alicheza uji ukifurika jikoni. Betri zikilegea alizing'ata, zikigoma alizianika juu ya bati, jua la Dodoma likazifufua kwa nusu saa, kisha akaenda kwa Stanley kuchukua nyingine. Wenzake sokoni walimcheka: "Mtu mzima anachezea mdoli!" Aliwaacha wacheke. Kila tofali lililoshuka alilitukana kwa jina la Anifa, na mstari ukijaa ukafutika alijisikia amebomoa ukuta mmoja wa nyumba ile. Ilikuwa tamu, hakuna haja ya kuficha. Machozi alikuwa ameshayamaliza, na hayakuwahi kumpa raha kama hii.

Hassani hakumtaka tena, abaki hukohuko na soksi zake. Alichokitaka Sabiha kilikuwa kimoja tu: Anifa asome jina la Sabiha juu ya jina lake, mbele za watu, ashindwe kumeza mate.

Alipofika elfu ishirini na mia tatu, alikimbilia dukani. Ubao ulisema elfu thelathini.

"Kapandisha jana," Stanley alisema kwa huzuni. "Huyo mwanamke ni moto, dada."

Alipofika elfu thelathini na moja, Anifa alikuwa ameshahamia gemu nyekundu. Matofali yaleyale, ila yalishuka kwa kasi zaidi.

"Ile ya kwanza siku hizi anasema ni ya watoto," Stanley alieleza.

Sabiha akachukua nyekundu. Baada ya miezi mitano ikaja ya bluu, akachukua na ya bluu. Kutangulia si kufika, alijiambia, akafunga kidole kitambaa na kuendelea.

Jumamosi moja asubuhi, ubao ukiwa umesimama kwenye elfu sitini, gemu ya bluu ilimwandikia elfu sitini na mbili. Sabiha alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Duka la Stanley lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko mazoezi ya kwaya. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba mambo yamebadilika tangu jana. Basi hakungoja. Alijitanda kanga, akaiacha gemu ikiwaka namba zionekane, akaishika kwa mikono miwili kama abebaye yai, akatembea mpaka Nkuhungu. Njia nzima alikuwa anachagua maneno, na kila aliloliona kali alipata kali zaidi.

Duka la Zipora, mke wa Stanley, halikuwa gumu kulipata. Wanawake watatu walikuwa wanapanga foleni ya betri. Mwingine alikaa kwenye benchi, mjamzito, ameinama juu ya gemu ya bluu, ushungi umemteleza mabegani bila habari. Gumba lake lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Namtafuta Anifa," Sabiha alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ndiye mimi. Ngoja, usinisemeshe." Macho yake hayakubanduka kwenye gemu. "Mwaka mzima ananidhalilisha mtaani kwangu, ilhali nyumbani nilishamtoa! Leo nampita, wallahi, hata nizalie hapa."

"Unampita nani?"

Anifa alinyoosha kidevu kuelekea ukutani. Palitundikwa ubao mweusi, kwa mwandiko mzuri wa Zipora: BINGWA WA MATOFALI: SABIHA WA MAJENGO, POINTI 90,000.