Ubao wa Jumamosi

Afisa wa ushindani wa biashara aliuteremsha ubao wa Bi Mwatatu ukutani, akaufunga kwa gazeti uwe kielelezo cha kesi. Miaka yote wakamuaji sita wa mafuta ya ufuta, yeye akiwa mmoja wao, walikutana hapo kwake kila Jumamosi, wakanywa kahawa na kuandika bei moja kwa chaki, ili asiwepo wa kumlaza mwenzake njaa.

"Huko ndiko kula njama, mama," alisema afisa, bila ukali. "Sheria mpya inataka kila mtu apange bei yake."

Bi Mwatatu alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Maduka matatu ya mafuta, majina matatu, bei moja hadi senti.

"Na wale?"

"Wale wote ni wa kampuni moja ya kigeni. Mtu hawezi kula njama na nafsi yake."

"Kumbe kosa letu ni kuwa sita."

Afisa alimpa karatasi atie sahihi, akaondoka na ubao kwapani.

Jumamosi wenzake walipita nje mmojammoja, wakampungia mkono bila kuingia. Ndani, kahawa ya watu sita ilikuwa ikipoa chini ya ukuta mweusi kwa moshi, na pale ulipokuwa ubao palikuwa peupe pepepe.